Kabla ya Motisha, Tenga Nauli ya Kutafuta Kazi

Kila mwaka ikifika Juni, simu zetu hujaa jumbe za kututia moyo. Usikate tamaa. Amka saa kumi za asubuhi. Mungu hachelewi. Jumbe ni nzuri na wanaozituma wanatupenda. Lakini mtu anayetafuta kazi kutoka Kayole, Umoja, Dandora, Kariobangi au Pipeline anajua kwamba saa kumi za asubuhi mwezi wa Julai kuna giza, kuna baridi, na kuna swali moja ambalo jumbe hizo hazilijibu: nauli iko?

Mimi naona tatizo hili tumelipa jina lisilo lake. Tunasema vijana wamepoteza motisha, wamelegea, wamezoea simu. Kwa wengi ninaowajua mtaani, kilichoisha kwanza ni pesa ndogo ya kutafutia kazi: nauli, bando, kuprinti CV, chai na mandazi ya kushikilia tumbo hadi jioni. Ikiisha hiyo, mtu anakaa nyumbani siku mbili. Siku mbili zinakuwa wiki. Moyo nao unafuata. Kwa hivyo anayetaka kulinda moyo wake msimu huu wa baridi, aanze kwa kulinda hiyo pesa ndogo, na simu aliyo nayo mkononi inaweza kumsaidia.

Juni hadi Agosti hula pesa kimyakimya

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai ndio mwezi wake wa baridi zaidi. Usiku vipimo huweza kushuka hadi nyuzi 10 au 11, na mawingu hufunika jua siku kadhaa mfululizo. Ndugu zetu walio Ulaya wakisikia tunalalamika hucheka, maana kwao hiyo ni hali ya kutoka na shati. Lakini wao wakirudi nyumbani wanakuta nyumba ina joto. Ploti zetu hazina hita. Zina sakafu ya simiti, dirisha la kioo chembamba na mlango wenye nafasi chini.

Sasa hesabu inaanza. Maji ya kuoga lazima yachemshwe, kwa hivyo gesi iliyokuwa ikimaliza mwezi inaisha mapema, au makopo ya makaa yanaongezeka. Nguo hazikauki. Shati la mahojiano ulilofua Jumanne linakuwa bado na unyevu Alhamisi asubuhi, na unalipigia pasi hivyo hivyo, tokeni za stima zikienda. Mtoto anakohoa, dawa inanunuliwa. Yakishuka manyunyu kidogo pale Mutindwa au kwa roundabout ya Donholm, makanga anapandisha nauli kabla hujafungua mwavuli. Na mwili ukiwa na baridi unataka chakula zaidi, si kidogo.

Hakuna hata moja kati ya hizo gharama inayotisha ikiwa peke yake. Lakini wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Zote hutolewa mahali pamoja, na pesa ya kutafuta kazi ndiyo ya kwanza kuliwa kwa sababu haina mwenyewe. Kodi ina landlord. Unga una tumbo. Karo ina mwalimu mkuu. Nauli ya kwenda kuacha CV Industrial Area haina mtu wa kuidai, kwa hivyo inahairishwa hadi kesho, na kesho hiyo ina mahitaji yake.

Tena, Julai si mwezi wa kukaa nyumbani. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, kwa hivyo nafasi zilizokuwa zikisubiri bajeti mpya, katika wizara na kaunti, huweza kutangazwa kuanzia hapo. Anayeishiwa nauli Juni hukosa mwanzo huo. Juu ya hayo kuna siku ambazo hata mwenye nauli hafiki popote: tarehe 7 Julai 2025, wakati wa maandamano ya Saba Saba, barabara za kuingia katikati ya jiji zilifungwa. Mpango wa kutafuta kazi ambao hauna nafasi ya siku kama hizo hauwezi kudumu miezi mitatu.

Utafutaji kazi upewe bajeti yake

Mimi nilisomea masoko chuo kikuu, na kuna jambo moja tulilofundishwa ambalo nilikuja kulielewa vizuri nikiwa natarmac. Kampeni ya kuuza bidhaa haitegemei kama meneja ameamka na ari. Inapewa pesa yake, muda wake na kipimo chake. Ari ikishuka Jumatano, kampeni inaendelea kwa sababu matangazo yalishalipiwa Jumatatu. Mtu anayetafuta kazi anauza bidhaa ngumu kuliko sabuni: anajiuza mwenyewe. Lakini sisi hutoka siku tukijisikia na tukipata mia mbili, kisha tunashangaa kwa nini tumechoka.

Tuchukue mfano. Tuseme unaishi Kayole, nauli ni shilingi 80 kwenda na 80 kurudi. Ukitoka siku 2 kwa wiki, hiyo ni 320. Weka bando ya 100 na saiba ya 50 ya kuprinti. Jumla ni 470 kwa wiki. Ongeza 30 ya dharura, inakuwa 500. Kwa wiki 4 ni shilingi 2,000. Badilisha bei kulingana na mtaa wako, lakini andika namba. Ukishaiandika, unajua unatafuta nini: unatafuta 500 ya wiki, wala si "pesa ya kuanza kutafuta kazi", ambayo haina mwisho.

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, wengi wetu tumezoea kuweka pesa yote kwenye salio moja. Ukiangalia salio unaona 1,300, unajiona uko sawa, kumbe 1,000 ni ya kodi na 300 ni ya nauli. Tenganisha. Huduma nyingi za pesa kwa simu sasa zina sehemu ya akiba, na baadhi zina akiba ya kufunga, ambayo huwezi kuigusa kwa urahisi mpaka tarehe uliyochagua. M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, ni mojawapo. Wengine hutumia laini ya pili ya kampuni nyingine. Njia yoyote ni sawa, mradi uangalie kwanza ada ya kuhamisha na kiwango cha chini cha kuweka.

Ushauri wangu ni mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni wa nauli na bando, usioufunga, kwa sababu mwajiri anaweza kupiga leo akutake kesho saa mbili. Mfuko wa pili ni wa hati, huo ufunge. Cheti cha tabia njema kutoka DCI hulipiwa shilingi 1,050 kupitia eCitizen, halafu unaenda kuchukuliwa alama za vidole, na walio Eastlands wana Huduma Centre ya Makadara karibu. Ukitegemea ile 30 ya dharura kila wiki, utahitaji wiki 35 kufikisha 1,050. Baridi itakuwa imekwisha na nyingine inakaribia. Kwa hivyo siku utakayopata kibarua cha maana, lipia hati kabla pesa haijazoea kukaa mfukoni. Cheti cha ulipaji kodi cha KRA hakina ada ya kuombea, kwa hivyo hicho anza nacho usiku huu huu kama una bando.

Kuna pesa nyingine inayovuja bila mtu kuiona: kutoa kidogo kidogo kwa wakala. Kwa viwango vya M-Pesa ninapoandika haya, kutoa 200 hukatwa shilingi 29. Kutoa 800 pia hukatwa 29. Ukitoa 200 mara nne, umelipa 116. Ukitoa 800 mara moja, umelipa 29. Tofauti ni shilingi 87, na hiyo ni nauli ya kwenda mjini. Afadhali zaidi ni kutotoa kabisa. Mama mboga ana till, kibanda kina till, na mteja anayelipa kwa till hakatwi chochote. Kumtumia mtu hadi shilingi 100 pia hakuna ada. Mambo haya tunayajua, ila hatuyatumii tukiwa na haraka.

Siku mbili nje, siku tatu ndani

Kuna wanaoamini kwamba anayetafuta kazi kweli lazima atoke kila siku. Sikubaliani nao, hasa Julai. Kutoka kila siku bila mpango kunamaliza nauli ya mwezi kwa siku kumi, kunakuletea homa, na kunakuacha ukikaa kwenye benchi pale Jeevanjee ukihesabu dakika ili usirudi nyumbani mapema ukaulizwa maswali.

Chagua siku mbili za nje. Mimi ningechagua Jumanne na Alhamisi. Siku hizo panga sehemu zinazofuatana, ili usilipe nauli mbili. Ukiingia Industrial Area, tembea Enterprise Road na Lunga Lunga siku moja, mjini uende siku nyingine. Siku tatu zinazobaki ni za kazi ya ndani: kuandika barua moja nzuri badala ya kumi zinazofanana, kuwapigia uliowaachia CV wiki iliyopita, kusoma kuhusu kampuni kabla hujaenda.

Na "ndani" isiwe kitandani. Chumba chenye baridi na blanketi karibu humshinda hata mtu mwenye bidii. Eastlands ina maktaba ambazo vijana wengi hupita nje bila kuingia. Kuna ya Kaloleni na ya Makadara, ambazo Book Bunk imezifanyia ukarabati, na kuna ya Kenya National Library Service pale Buruburu. Nenda uulize masharti yao. Utapata meza, mwanga, na watu wengine walioinamia kazi yao. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoithamini zaidi. Ukiwa peke yako unaona kama taifa zima limepata kazi isipokuwa wewe, lakini ukikaa meza moja na mwenzako anayerekebisha CV yake kwa mara ya saba, unaona mko wengi na unapumua.

Halafu hesabu. Chukua daftari la shilingi kumi au ishirini. Kila Ijumaa andika mambo matatu: nimefika wapi, nani amenijibu, nimetumia pesa ngapi. Baada ya wiki nne, linganisha. Huenda ukakuta kwamba barua pepe 40 zimeleta majibu sifuri, na kuongea na watu 6 ana kwa ana kumeleta simu 2. Basi unajua nauli iende wapi mwezi ujao. Daftari hilo lina faida ya pili. Usiku ule ambao akili inakuambia hujafanya kitu tangu Mei, unalifungua na kulisoma. Maandishi yako mwenyewe yatakujibu vizuri kuliko nukuu yoyote ya kutia moyo.

"Lakini kazi hazipo"

Najua kuna msomaji anayesema: unatupangia bajeti, lakini shida ni kwamba kazi zenyewe hazipo. Ana haki ya kusema hivyo. Kulingana na Economic Survey ya KNBS ya 2025, ajira mpya zilizopatikana nchini mwaka 2024 zilikuwa 782,300. Kati ya hizo, 703,700 zilikuwa za sekta isiyo rasmi. Hiyo ni tisa kati ya kila kumi. Bajeti ya nauli haiongezi hata kazi moja kwa hesabu hiyo, na sitajifanya inaongeza.

Lakini hesabu hiyo inatuambia nauli ielekee wapi. Ikiwa kazi tisa kati ya kumi ziko kwa jua kali, kwa duka, kwa karakana na sokoni, na wewe siku zako zote mbili za nje unazipeleka kwenye maghorofa ya Upper Hill na Westlands, unapigania ile moja na umati wote. Sisemi uache kuomba hizo. Nasema siku moja kati ya mbili iende Kariobangi Light Industries, Kamukunji, Gikomba, Mutindwa au Burma. Nyingine unaweza kufika kwa miguu, bure.

Mwenye digrii huona aibu hapo, naelewa. Mzazi aliuza ng'ombe au alichukua mkopo wa chama ili usome, kisha uonekane ukiongea na fundi wa mageti? Lakini mwangalie huyo fundi vizuri. Anatengeneza mageti mazuri, picha zake kwenye simu hazionekani vizuri, wateja wake wa WhatsApp hawajibiwi hadi jioni, na hajui ni nani amelipa deposit na nani hajalipa. Hiyo ni kazi ya mtu aliyesoma. Mwambie utamjibia wateja na kumwekea rekodi kwa mwezi mmoja, kwa malipo kidogo ya kila wiki. Muombe akulipe kwa simu. Baada ya miezi mitatu utakuwa na statement inayoonyesha pesa ikiingia kila Jumamosi, na mtu wa kupigiwa simu aseme wewe hufika saa moja hata kukiwa na baridi. Mwajiri wa maghorofani hupenda kusikia hivyo kuliko kusikia ulikuwa "unasubiri nafasi".

Anayekutoza ili akuajiri

Msimu huu ambao watu wamechoka ndio matapeli huamka mapema. Ujumbe unakuja: umechaguliwa, ripoti Jumatatu, tuma 850 ya sare, au 1,500 ya vipimo vya daktari, au "ada ndogo ya usajili". Kiasi hakijachaguliwa kwa bahati. Ni kile ambacho mama anaweza kukopa kwa jirani kabla ya saa sita.

Kanuni yangu ni fupi: pesa hutoka kwa mwajiri kwenda kwa mfanyakazi. Anayetaka itoke kwako kwanza, mshuku. Umoja wa Mataifa, ambao ofisi zake za Gigiri matapeli hupenda kuzitaja, husema wazi katika matangazo yake kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Kwa mashirika binafsi ya kutafutia watu kazi, hasa yale ya Saudia, Qatar na nchi nyingine za Ghuba, mtoa leseni ni National Employment Authority, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na huchapisha orodha ya mashirika yenye leseni. Tafuta jina humo kabla ya kutuma hata shilingi kumi.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Kampuni kubwa inayodai kukuajiri haiwezi kuwa inapokea pesa kwa namba ya mtu binafsi. Ukishatuma na ukashtuka, usiongee na tapeli, atakupotezea muda. Kwa M-Pesa, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 uombe pesa irudishwe, na namba ya tapeli uiripoti kwa 333. Fanya hivyo mara moja, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Na hakuna mhudumu wa kweli atakayekuuliza PIN yako, awe wa kampuni yoyote.

Mkopo wa nauli

Kuna asubuhi ambayo mahojiano yapo na nauli haipo, na Fuliza iko pale. Siwezi kumwambia mtu akose mahojiano. Chukua, nenda. Lakini fahamu jinsi inavyofanya kazi. Kuna ada ya kuichukua, na kulingana na kiasi na muda kuna ada ya kila siku mpaka deni liishe. Na pesa yoyote itakayoingia italipa deni kwanza. Hapo ndipo wengi huumia. Shangazi anatuma 500 ya nauli ya mahojiano ya pili, deni linakata, na wewe unabaki ukieleza kwa nini bado unaomba nauli. Anaona umeitumia vibaya. Wewe unaona aibu. Wote wawili hamna makosa.

Kwa hivyo overdrafti iwe ya siku yenye jina: mahojiano, au siku ya kuanza kazi. Isiwe ya mkate, kwa sababu mkate unarudi kesho. Na kama una mkopo wa programu nyingine na wanakutisha, jua kwamba kanuni za Benki Kuu za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Deni bado ni lako na utalilipa. Aibu haimo kwenye mkataba.

Kwa mnaotuma

Sehemu hii ni ya mama, baba, dada mkubwa, mjomba, na yule rafiki aliyepata kazi kabla yetu. Wengi wenu mnasoma hapa pia. Nyinyi ndio bajeti halisi ya kutafuta kazi katika Eastlands, na asanteni.

Naomba mambo mawili. La kwanza, kama mnaweza, tumeni kidogo kwa siku inayojulikana kuliko kingi kwa siku isiyojulikana. Mia mbili kila Jumatatu inamwezesha mtu kupanga. Elfu moja inayokuja siku yoyote humfanya akae akisubiri, na ikifika inakuta madeni. Kubalianeni mapema ni kiasi gani na kwa miezi mingapi, halafu mzungumze tena muda ukiisha. Makubaliano yanawapunguzia nyinyi mzigo, na yanamwondolea yeye uchungu wa kuomba.

La pili, msiambatanishe pesa na swali. "Nimekutumia. Kwani bado hujapata?" Swali linatoka kwa upendo na wasiwasi, najua. Lakini kijana anayeulizwa hivyo mara nne hupunguza kushika simu. Baadaye haendi nyumbani wikendi. Baadaye hatoki chumbani. Kama lazima kuuliza, ulizeni, "Wiki hii ulifika wapi?" Hilo ana jibu lake, liko kwenye daftari.

Na wewe ambaye umeanza kutoshika simu, ambaye wiki ya pili sasa huli vizuri na hulali, hiyo imepita mambo ya bajeti. Mwambie mtu mmoja leo, hata kwa ujumbe mfupi. Befrienders Kenya wapo kwa ajili ya kusikiliza, na kuwatafuta hakumaanishi umeshindwa.

Anza na mia moja

Kuna atakayesema hawezi kutenga 500 kwa wiki kwa sababu hana hata mia. Ni kweli kwa wengi. Basi anza na siku moja ya nje badala ya mbili, na iwe ya sehemu unayofika kwa miguu. Ukipata kibarua cha 400 cha kupakua mizigo au kufua, toa 100 kabla hujafika dukani na uihamishe kwenye mfuko wa nauli. Waambie wa nyumbani kwamba hiyo 100 si yako ya kuchezea, ni ya kazi, ili mtu akiiomba ya sukari ajue anaiomba kwa nani. Familia ikishaelewa kwamba pesa hiyo ina jina, itakusaidia kuilinda.

Agosti itaisha na jua litarudi, litukute bado tunatoka. Leo jioni, kabla hujalala, fungua simu, tenga pesa ya Jumanne, andika kwenye daftari utafika wapi, na shati lilale karibu na jiko likauke.